Kutazama Jua Likichwa: Ni Anasa au Ni Ibada?



Katika vikao vya harusi vya siku hizi limeingia jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Zamani makadirio ya kikao yaliishia kwenye ukumbi, chakula, mapambo na gari la maarusi. Sasa liko fungu jingine mwishoni, nalo ni fungate ya Zanzibar. Na ukilisoma fungu hilo kwa utulivu utakuta ndani yake kifungu kidogo chenye maneno machache tu: safari ya jahazi wakati wa jioni, kutazama jua likichwa.

Hapo ndipo mzee mmoja hukohoa, akavua miwani yake, akauliza, "Hivi jua la Tunduma lina kasoro gani?" Vijana hucheka, na kikao huendelea na ajenda. Lakini swali la mzee halikujibiwa, nalo lastahili jibu. Ndani yake yamo maswali mengine yanayomgusa kila Mkristo, awe ameiona bahari au hajaiona. Je, ni halali kutumia fedha kwa ajili ya kutazama tu? Je, uzuri wa dunia ni haki ya kila mtu, au ni anasa ya wenye nafasi? Na yule anayetazama, ana deni gani kwa watu wanaoishi ndani ya kile anachokitazama?

Yafaa kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani, tusije tukahukumu tusichokijua. Pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi Kendwa na Nungwi upande wa kaskazini, inaelekea huku kwetu bara. Kwa sababu hiyo mtu aliyesimama pale huliona jua likizama majini. Alasiri ikipoa, watalii hupanda jahazi. Tanga hupandishwa, na pengine mashine ndogo husaidia upepo ukilegea. Chombo huenda polepole kandokando ya pwani, penye mchanga mweupe na miamba ya matumbawe iliyotafunwa chini na mawimbi hata ikabaki kama uyoga mkubwa. Huliwa matunda, hunywewa vinywaji, na pengine hupigwa ngoma. Kisha jua hushuka. Katika nchi zetu za joto jua halikawii kama katika kiangazi cha Ulaya, ambako mwanga wa jioni huvutana na giza kwa muda mrefu. Kwetu jua hushuka moja kwa moja, na baada ya nusu saa hivi ni usiku. Watu hunyamaza kidogo, hupiga picha, na chombo hurudi. Safari nzima huchukua kama saa mbili.

Jahazi lenyewe lina heshima yake. Kule Nungwi mafundi wangali wakiunda vyombo kwa mikono yao, wakiziba nafasi kati ya mbao kwa kalafati ya pamba na mafuta. Kwa karne nyingi vyombo vya namna hiyo vilisafiri kwa pepo za kusi na kaskazi, vikichukua boriti, tende, karafuu na samaki. Leo baadhi yake vinachukua watu ambao hawaendi kokote, ila wanataka kutazama. Hapana ubaya katika hilo peke yake. Nahodha anapata riziki, fundi anapata kazi, na ujuzi wa mababu haupotei.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Swali lake lina hesabu ndani yake. Dunia huzunguka digrii 1 kwa kila dakika 4, na Zanzibar iko mashariki ya Tunduma kwa zaidi ya digrii 6. Maana yake ni kwamba jua wanalolipigia picha wale waliomo jahazini, kiasi cha dakika 25 baadaye linachwa hapa kwetu juu ya malori yaliyopanga foleni kwenda Zambia, juu ya mabati ya Nakonde ng'ambo ya mpaka, na juu ya mama anayefunga mzigo wake wa maharage sokoni. Ni jua lile lile, wala hakuna anayelipa. Basi yule aliyelipa kule amenunua nini?

Hakununua jua, maana jua haliuzwi. Alichonunua ni nafasi. Amenunua saa mbili ambazo hakuna anayemwita, hakuna mzigo wa kushusha, hakuna mtoto wa kuogesha, hakuna simu ya mdeni wala mdai. Mama yule wa sokoni analo jua, ila hana nafasi ya kuinua kichwa alitazame. Tukilielewa jambo hili, tutaona kwamba ugomvi wa kikaoni hauhusu jua. Unahusu mapumziko: nani anayo haki ya kupumzika, na kwa gharama ya nani.

Wako wanaosema kwamba Mkristo wa kweli hana wakati wa mambo hayo, kwamba kutazama bila kufanya kazi ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Maneno hayo hayapatani na Maandiko. Tangu ukurasa wa kwanza wa Biblia tunamwona Mungu akifanya kazi, kisha akitazama alichokifanya na kukiona kuwa ni chema, na siku zinahesabiwa kwa kutaja jioni kwanza. Siku ya saba alistarehe. Bwana wetu naye, mitume waliporudi kutoka kazini wakiwa wamechoka, hata nafasi ya kula hawana, aliwaita waende kando wakapumzike kidogo. Na walikwenda kwa mashua. Basi asitokee mtu akasema kwamba kupanda mashua kwa ajili ya kupumzika ni jambo la mataifa.

Tena liko jambo la kusikitisha katika mawazo yetu, nalo ni hili: wengi wetu tumekubali kwamba uzuri wa nchi hii ni mali ya wageni. Pwani ya Tanzania bara pekee yapata kilomita 800, na juu ya hiyo tunavyo visiwa. Mtu hutoka Ulaya, akavuka mabara na bahari, akaja kuitazama. Lakini wako watoto katika wilaya ya Momba ambao hawajalifikia hata Ziwa Rukwa lililo mpakani mwa mkoa wao, wala hawajasimama ukingoni mwa bonde lake wakaona ardhi inavyoporomoka na maji yanavyong'aa kule chini. Tukiwaambia vijana wetu kwamba kutamani kuona bahari ni kiburi, tunawafundisha nini? Tunawafundisha kwamba Mungu aliumba kwa ajili ya wenye pasipoti. Huo si unyenyekevu. Zawadi ikidharauliwa, mtoaji naye amedharauliwa.

Kwa hiyo ninasema wazi: kutazama si dhambi, na kutoa fedha yako ili upate nafasi ya kutazama si dhambi. Hapa vijana watafurahi. Lakini wangoje kidogo.

Wanaotetea matumizi ya namna hii hupenda kutaja habari za yule mwanamke wa Bethania aliyemmiminia Bwana marhamu ya thamani kubwa. Wanafunzi walinung'unika wakisema ingeuzwa wapewe maskini, na Bwana akamtetea mwanamke. Ni kweli, alimtetea. Lakini tusome vizuri. Marhamu ile ilikuwa mali yake mwenyewe. Hakupita nyumba kwa nyumba na kadi za mchango. Hakumwandikia mjane kiwango cha chini cha kutoa, wala hakumtumia mtu ujumbe wa kumkumbusha ahadi yake mara tatu kwa wiki. Na alichomimina hakukimimina juu ya kichwa chake, bali juu ya mwingine. Kwa hiyo anayetaka kujitetea kwa habari za mwanamke huyu na awe kama yeye pande zote mbili: atoe kilicho chake, na akitoe kwa upendo.

Hapo ndipo penye jeraha katika vikao vyetu. Mchango wa harusi ni desturi njema. Maana yake ni kwamba jamii yote inasema "ndiyo" pamoja na maarusi. Mtu akichanga chakula, naye atakula. Akichanga kwa ukumbi, naye atakaa. Lakini mkulima wa kahawa wa Mbozi akichanga fedha ili watu wawili wakatazame jua kule Unguja, yeye habaki na kitu ila picha kwenye simu, kama simu yake inaonyesha picha. Na tunajua wote kwamba hachangi kwa hiari kila mara. Anachanga kwa sababu anaogopa kutajwa, au kwa sababu na yeye ana binti. Fedha iliyotoka kwa hofu haiwezi kununua pumziko. Maarusi watakaa ndani ya jahazi, na deni limekaa katikati yao.

Mtu atauliza, je, kama ndugu na marafiki wametoa kwa furaha kabisa? Basi ni zawadi, na zawadi hupokelewa kwa shukrani. Lakini zawadi haikadiriwi kikaoni.

Tumekwisha kusema juu ya fedha. Sasa tuje kwenye jambo gumu zaidi, nalo ni jicho.

Lugha yetu ina hekima hapa. Tunasema "kutazama", na tunasema "kuona", na maneno haya hayalingani. Mtu anaweza kutazama asione. Unaweza kuwatazama watu mia stendi ya mabasi usimwone hata mmoja. Saa ile jua linapogusa maji mbele ya jahazi, mara nyingi ngalawa hupita katikati ya mwanga, na mvuvi amesimama ndani yake, mweusi kama kivuli. Kila kamera huelekezwa kwake. Picha hiyo huwa nzuri kuliko zote, hutumwa kwa marafiki, pengine huwekwa kwenye fremu sebuleni. Lakini mtu yule kwenye fremu ni nani? Kwa wavuvi wengi saa ile siyo mwisho wa siku bali ni mwanzo wa kazi. Anakwenda kukesha na nyavu na taa. Anawaza bei ya mafuta, na upepo, na mtoto aliyemwacha na homa. Ametazamwa na watu arobaini, hakuonwa na mmoja. Amekuwa sehemu ya mandhari, kama mnazi.

Sisi watu wa Tunduma tusijifanye kwamba hatulijui jambo hili, maana sisi wenyewe tu mandhari ya watu. Tangu reli ya TAZARA ilipoanza kazi katika miaka ya 1970, abiria wamekuwa wakitutazama kutoka madirishani. Barabara kuu ya kwenda Zambia nayo huleta mabasi, na ndani ya mabasi kuna macho. Anayepita husema Tunduma ni vumbi na malori, kisha hufunga dirisha. Hakuona kwaya inayofanya mazoezi jioni, wala hakuona mwalimu, wala hakuona mgonjwa anayepelekewa Ushirika Mtakatifu nyumbani. Alitazama, akaondoka na neno moja: vumbi. Hata mtu akituita wazuri kwa namna ile ile, akapiga picha akaenda zake, moyo hauridhiki. Mtu hataki kuitwa mzuri wala mbaya na mpita njia. Anataka kujulikana kwamba yupo.

Na katika mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, nasi tunacho cha kutazamwa. Kule Ndolezi, wilayani Mbozi, liko lile pande kubwa la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, kimondo. Watu wa nje walikuja kulijua mwaka 1930, na baadhi ya vitabu huandika kana kwamba lilianza kuwako mwaka huo. Wenyeji walilijua tangu zamani, ila hawakuulizwa. Hiyo ndiyo hasara ya jicho linalotazama tu: hukosa hata maarifa, achilia mbali upendo.

Angalieni sasa jinsi Bwana wetu alivyokaa ufukweni. Yeye naye aliishi kando ya ziwa lililozungukwa na milima, mahali ambapo leo watu husafiri kutoka dunia nzima kwenda kupatazama. Marko anatueleza juu ya jioni moja pale Kapernaumu. Jua lilikwisha kuchwa, na ndipo watu walipomletea wagonjwa wote na wenye pepo, hata mji mzima ukajaa mlangoni. Ilikuwa Sabato, na Sabato huisha jua likichwa. Ndiyo maana walingoja saa ile ili waweze kubeba. Kwa hiyo machweo ya Kapernaumu, siku ile, yalikuwa saa ya machela. Injili haitwambii rangi ya mbingu ilikuwaje. Inatwambia kwamba aliwaponya wengi. Na asubuhi nyingine, aliposimama ufukweni akawaona wavuvi waliokesha, jambo la kwanza alilowauliza lilikuwa kama wamepata chochote cha kula. Mbele yake lilikuwako ziwa zuri alfajiri, na jicho lake lilikwenda kwenye mashua iliyo tupu.

Hapo ndipo ninapopata kipimo. Bwana hakutuambia tufumbe macho. Aliwatuma watu wayaangalie maua ya kondeni na ndege wa angani. Lakini kwake uzuri wa nchi haukuwafunika watu waliomo. Ziwa lilikuwa zuri, na Petro alikuwa amechoka, na yote mawili aliyaona kwa jicho moja.

Liko na jambo la tatu, ambalo yeyote apandaye chombo katika bahari ile hana budi kulijua. Maji yale yana kumbukumbu. Watu wa pande za Nyasa walifungwa kamba na minyororo, wakatembezwa kwa miguu hadi Kilwa, na kutoka Kilwa wakapakiwa ndani ya majahazi kupelekwa soko la Unguja. Nao walikuwa ndani ya jahazi. Nao waliliona jua likichwa juu ya bara, yaani juu ya kwao, na kila jioni kwao kulikuwa mbali zaidi. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Na karibu na wakati wetu, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu kupita kiasi, ilizama katika bahari ya Nungwi. Mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Waliokufa hawakuwa wametoka kutazama. Walikuwa wakienda nyumbani, wakienda kazini, wakipeleka unga na sukari kwa watoto.

Je, ni halali kufurahi juu ya maji kama hayo? Baadhi ya watu watasema hapana. Lakini kanisa letu lilikwisha kulijibu swali hilo, kwa mawe. Wamisionari wa UMCA walipopata kiwanja cha soko la watumwa pale Mkunazini, hawakukiacha kiwe magofu ya laana. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo wa 1873 liliwekwa jiwe la msingi, na chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuwa Askofu baadaye, likajengwa Kanisa Kuu la Kristo. Mapokeo yanasema kwamba altare imesimama pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa. Watu wakaimba pale pale palipolia watu. Wala hawakusahau: nje ya kanisa, tangu mwaka 1998, ziko sanamu za watumwa waliosimama ndani ya shimo, wamefungwa mnyororo shingoni, na kila aendaye kusali huweza kuziona. Furaha imo ndani, kumbukumbu imo uani, na hakuna inayoifukuza nyingine.

Basi huo ndio mfano wetu. Kumkataza mtu asifurahie bahari ile kwa sababu ya watumwa ni kuwaachia wauza watu bahari pia. Bahari haikutenda dhambi. Lakini kufurahi kama mtu asiyejua kitu, kama kwamba ulimwengu ulipangwa jana kwa ajili ya picha zetu, hiyo si furaha ya Kikristo. Mkristo hufurahi akiwa anakumbuka.

Na liko jambo moja dogo ambalo maarusi wetu wakienda Unguja wasikie wenyewe kwa masikio yao. Dakika ile ile jua linapotoweka, adhana ya Magharibi husikika kutoka misikiti ya pwani. Watu wa kisiwa, ambao wengi wao ni Waislamu, huacha walichokuwa wakifanya, wakasimama mbele za Mungu. Hivyo katika saa moja wako wanaosimama ili wasali na wako wanaosimama ili wapige picha. Pengine nahodha wenu naye angependa kusali, ila yuko kazini, anashika usukani ili ninyi mstarehe. Je, mmemfikiria? Je, mlimuuliza jina lake? Mlijua kama tajiri wake anamlipa vema, na kama chombo kina vifaa vya kuokolea watu wote waliomo, pamoja na yule kijana anayeshika kamba? Pumziko la mmoja husimama juu ya kazi ya mwingine. Hilo haliepukiki, hata katika ibada: sisi tukipiga magoti kwa utulivu, kuna aliyefagia kanisa alfajiri na kuna aliyefua vitambaa vya altare. Kosa ni kumfanya mtu huyo asionekane.

Nasi Waanglikana hatukuachwa bila kitu saa ile. Kanisa letu lina Sala ya Jioni. Vizazi na vizazi kabla ya utalii, Wakristo walikuwa wakikusanyika jua linapochwa, na wimbo mmoja waliopewa kuuimba saa hiyo ni Wimbo wa Simeoni. Mkumbukeni mzee huyo. Maisha yake yote alingoja kuona. Siku alipoona hakuoneshwa mbingu nyekundu wala bahari ya dhahabu. Alioneshwa mtoto wa watu maskini, waliokuja na sadaka ya ndege kwa sababu hawakuwa na uwezo wa mwana-kondoo. Wengi hekaluni siku ile walimtazama mtoto huyo wakapita. Simeoni alimwona, akampokea mikononi mwake, akawa tayari kwenda zake kwa amani. Kila jioni Kanisa linapouimba wimbo huo, linaomba macho kama yake.

Sasa nijibu, maana nimeuliza mengi. Kijana akiniuliza kama aende, nitamwambia haya.

Kwanza, enda kwa kilicho chako. Kama mlijiwekea akiba ninyi wawili, au kama mtu amewapa kwa moyo wake, enendeni kwa amani, wala asiwepo wa kuwasuta. Lakini kifungu hicho kiondolewe katika makadirio ya kamati, na mwenyekiti wa kamati asione haya kukiondoa.

Pili, wahesabu watu wote waliomo safarini. Panda chombo kinachojali maisha ya watu. Msalimu nahodha kwa heshima inayompasa mtu mzima, "Shikamoo baba", naye atakujibu. Na kama ni kijana mwenzako, mjue kwa jina. Mvuvi akipita, usimpige picha kama mnazi. Mpungie mkono kwanza.

Tatu, nenda Mkunazini kabla hujakwenda baharini. Simama mbele ya zile sanamu, ingia kanisani, piga magoti. Kisha jioni panda jahazi lako. Utaona kwamba jua halijapungua uzuri. Huenda likawa zuri zaidi, kwa kuwa utalitazama ukijua waliolitazama kabla yako.

Na mzee wetu aliyeuliza juu ya jua la Tunduma, naye nina neno kwake, kwa heshima zote. Jua letu halina kasoro, mzee. Lakini je, ni lini mara ya mwisho ulilitazama? Ni lini ulimwambia mkeo aache sufuria dakika kumi, mkakaa mlangoni pamoja? Kama yule mama wa sokoni hana nafasi ya kuinua kichwa, ni nani katika nyumba yake angeweza kumpokea mzigo? Tusiwakataze vijana mapumziko ya Unguja huku sisi nyumbani tumewanyima wake zetu mapumziko ya bure. Pengine hata vijana wasingetamani sana kwenda mbali kutafuta saa mbili za utulivu, kama wangelelewa katika nyumba zilizo na dakika kumi za utulivu.

Ningependa jambo hili lizungumzwe na Umoja wa Akina Mama na vijana pamoja, si kila kundi peke yake. Na pengine parishi yetu ingeweza kupanga siku moja baada ya mavuno, watoto wa shule ya Jumapili wakapelekwa mahali wanapoweza kuliona Ziwa Rukwa, Sala ya Jioni ikasaliwa pale, na atakayefagia na atakayepika wakahesabiwa katika wanaopumzika. Gharama yake ni ya lori moja na sufuria mbili za wali. Hapo mchango utakuwa na maana, kwa sababu wote waliochanga wataona.